Vigae Kwanza, Joto Baadaye

Kuna siku moja naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Siku niliyokaribia kumuua mtu niliyempenda.

Tulikuwa tunapima nguvu ya pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, ya wakulima wa Nyamira, mimi na Tata Makori, mzee aliyenitoa shambani akaniingiza maabara. Shule sikufika mbali. Kazi niliishika kwa macho. Maua tuliyaloweka kwenye dawa ya kuyeyusha, inayoshika moto kushinda petroli. Ikichafuka, tunaichemsha ndani ya chupa juu ya maji moto, mvuke unapoa, tunapata safi tena. Lakini kwanza unatia vigae viwili vya chungu, ili ichemke polepole.

Asubuhi hiyo dereva mmoja akaja kufuata majibu. "Huyo mzee wenu bado yuko hai? Mbona anapima kama konokono?"

Wee! Nikamrukia. "Mwite konokono tena uone!"

Tukafokeana mpaka nikasahau vigae. Alipoondoka nikageuka: dawa imepita joto la kuchemka, lakini chupani imetulia tuli. Nikaona nitengeneze kabla Tata hajajua. Nikavidondosha vigae ndani.

Dawa ikaruka yote mara moja, ikamwagika. Na mvuke wake haupandi kama wa chai, mwanangu, unatambaa sakafuni. Ukatambaa hadi chumba cha pili, kwenye stovu ya chai. Niliiwasha mimi mwenyewe. Moto ukarudi na njia ileile. Tata akaja mbio, akanishika shati akanitupa nje, moto ukamkuta yeye mikononi.

Hospitalini nikamwambia, "Tata, nilikuwa nakutetea."

Akatazama bandeji zake. "Omomura, kijana wangu, mimi sikuwa na vita na dereva. Nilikuwa na chupa tu, na nilikuachia wewe." Halafu akacheka, mzee yule! "Haya, ninyweshe chai."

Nilimshikia kikombe mpaka mikono ikapona.

Sasa wewe unaenda maabara ya chuo, na hasira zangu umezibeba zote, nakujua. Ukitaka kugombana, zima joto kwanza. Ukisahau vigae, zima, acha chupa ipoe kabisa, ndio utie. Moto wa chai usiwe hata chumba cha jirani. Na ukikosea, piga kelele hapo hapo, usifiche. Unayempenda, mlindie chupa yake. Matusi atajibu mwenyewe.

Nenda. Mungu akutunzie mikono yako, na ya yule atakayesimama karibu nawe.