Mkasi wa Gari la Nyuma

Kabla hajakabidhiwa mkasi, Spana alikuwa analala na baiskeli saba. Karakana yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mahali pasipo na mlango wala komeo, kwa hiyo kila jioni alizibeba baiskeli za wateja mpaka kwenye chumba alichoishi na mama yake. Nyingine aliziegesha ukutani, nyingine juu ya meza, na moja, haikukosa, miguuni pa kitanda cha mama. Mama alikuwa ameshachubuliwa ugoko na pedeli za watu asiowajua.

"Mwanangu," alisema asubuhi moja akijipaka mafuta mguuni, "wenzako wanaleta wakwe nyumbani. Wewe unaniletea magurudumu."

"Magurudumu hayali, mama."

"Wala hayasalimii."

Halafu mwenye jengo akampa mwezi mmoja ahame, anataka kuweka friji la soda pale chini ya ngazi. Ndipo akatokea daktari wa meno.

Huyu alikuwa mwenyekiti wa klabu ya baiskeli, na klabu ilikuwa na stoo nyuma ya kliniki yake: sakafu ya saruji, dirisha lenye nondo, bomba la maji, mlango wa chuma unaofungwa kwa ufunguo. Ndani walikuwa wamehifadhi viti vitatu vibovu na bango la uchaguzi wa kamati.

"Twende wote milimani siku nne, fundi, utengeneze zitakazoharibika," alimwambia. "Safari ikienda vizuri, chumba ni chako."

Spana alikubali kabla daktari hajafunga mdomo. Na daktari wa meno, kwa kuwa kutwa nzima anaangalia midomo ya watu ikiwa wazi, wake huchelewa sana kuufunga.

Waendeshaji walikuwa kumi na wanane. Spana alijifunza ufundi uani kwa mjomba wake tangu ana miaka kumi na miwili, kwa sababu vidole vyake vilifika mahali vidole vya mjomba havifiki, lakini hakuwahi kuona watu wanaojua majina ya vyuma vingi namna ile bila kujua kazi ya hata kimoja. Mmoja alikuwa amenyoa miguu ili upepo usimkawize, halafu akabeba simu tatu. Mwingine baiskeli yake ilikuwa nyepesi kuliko birika, na yeye mwenyewe mzito kuliko jiko. Tairi likiishiwa upepo walilizunguka, mikono kiunoni, kama watu wanaotazama nyumba ya jirani ikiungua, mpaka Spana ashuke kwenye gari na pampu yake.

Gari hilo lilifuata nyuma ya wote, limebeba mabegi, magurudumu ya akiba, dereva asiyependa maongezi, Spana, na mkasi. Kila mwendeshaji alifunga namba ya karatasi ngumu mbele ya usukani. Atakayepanda garini, hata kwa hatua kumi, namba yake inakatwa pembe moja. Namba iliyobaki na pembe tatu haipewi medali siku ya mwisho. Kanuni hiyo aliitunga daktari mwenyewe, akaichapisha, akaifunika plastiki, akamsomea Spana mara mbili kana kwamba ni dawa ya kunywa baada ya chakula. Mkasi pia aliununua yeye, wenye vishikio vya rangi ya machungwa, usije ukapotea kwenye majani.

Siku ya kwanza hakukatwa mtu. Siku ya pili, goti la karani lilivimba.

Karani alikuwa mama wa makamo, mtunza mafaili wa shule, na kwa maoni ya Spana ndiye binadamu pekee katika msafara ule. Baiskeli yake ilikuwa ya mtumba, mnyororo ameusafisha kwa mswaki wa zamani, na alijua kuziba tyubu kwa mkono wake. Goti lilipogoma alipanda garini, akakaa kwa muda wa kufunga kitambaa, kisha akashuka kivulini na kuendelea. Gari lilikuwa limetembea labda umbali wa uwanja mmoja wa mpira.

Spana aliutazama mkasi, akautazama mlima. Daktari, aliyekuwa akinywa maji pale kivulini, akasogea.

"Kanuni ni kanuni, fundi. Kata."

"Ni kipande kidogo tu, daktari."

"Leo kipande kidogo, kesho tutawabeba mgongoni."

Karani mwenyewe ndiye aliyeinamisha usukani ili Spana afikie vizuri. "Kata, mdogo wangu. Nilijua ninachofanya." Spana akakata. Daktari aliangalia mpaka kipande kikaanguka chini, akatikisa kichwa kwa ridhaa, kama mtu aliyemaliza kung'oa jino bila damu.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya mlima wenyewe: kona kumi na tisa, na ukungu ukianzia kona ya tano. Karani aliambiwa apumzishe goti, kwa hiyo alikaa kiti cha nyuma, mguu juu ya begi. Kwenye kona ya kumi na moja wakamkuta mwenyekiti amelaza baiskeli kwenye nyasi, amechuchumaa mbele yake, anaitazama.

"Mnyororo unanisumbua," alisema.

Spana aliuzungusha. Ulikuwa unateleza kama mate. "Mnyororo mzima, daktari."

"Basi ni gia."

"Gia nzima."

Daktari alichungulia juu, akachungulia chini. Hakukuwa na mtu. Kifua chake kilikuwa kinapiga kelele zaidi ya injini ya gari. Akafungua mlango, akaingia, akajilaza sakafuni na kujivutia mabegi mawili juu yake.

"Mnishushe kona ya kumi na saba," mabegi yakasema. "Wenzangu wasinione."

Dereva alimtazama Spana. Spana akauchukua mkasi.

"Kile chumba, fundi," mabegi yakaendelea. "Nimeshaongea na kamati. Ufunguo ninao hapa hapa mfukoni." Na kweli, mkono ukatokea kati ya mabegi ukiwa na ufunguo. "Na wewe dada, ulishakatwa, hupotezi kitu."

"Sipotezi," alisema karani, akageuka kuangalia ukungu.

Spana aliwaza ugoko wa mama yake. Akarudisha mkasi kwenye boksi la vifaa, akaupokea ufunguo, akaipakia baiskeli ya daktari. Kona sita zilipita, begi moja likikohoa njia nzima.

Siku ya nne wakateremka, zikagawiwa medali. Daktari alivishwa yake, akahutubia kuhusu uvumilivu kwa muda mrefu kuliko aliotumia kupanda.

Chumba alikitoa, tusimsingizie. Spana akatundika magurudumu kwenye nondo, akapanga spana kwa ukubwa, na mama akaja kukikagua, akaizunguka sakafu yote akinyoosha mguu huku na huku bila kugonga kitu. Wiki iliyofuata daktari akaleta fremu na nyundo. Ndani ya fremu, chini ya kioo, ilikuwa namba yake, pembe nne kamili. Akaipigilia juu kabisa ya meza ya kazi.

"Itawatia moyo wateja," alisema.

Kuanzia hapo Spana hakuweza kuinua kichwa kutoka kwenye spoki bila kuiona. Alikuwa amewadharau watu kumi na sita kwa miguu yao na mmoja kwa moyo wake, na sasa kila akinawa mikono pale bombani alimdharau wa kumi na nane, yeye mwenyewe.

Mwezi wa pili karani akaleta gurudumu linaloyumba. Akakaa kwenye kimoja cha vile viti vibovu, Spana akalikaza, wakaongea habari za goti na za shule. Wakati wa kuondoka karani akasimama chini ya fremu, akavaa miwani.

"Pembe nne," alisema. "Nimehesabu."

"Dada, mimi..."

"Sijakuuliza. Chumba ni kizuri, kina hewa." Akabeba gurudumu lake akaenda.

Spana alipanda juu ya meza ya kazi. Kisha akaishusha fremu, akang'oa misumari ya nyuma minne, na kwa mkasi uleule akakata pembe moja. Akairudisha ukutani. Aliporudi nyumbani akamwambia mama huenda baiskeli zikarudi.

"Zirudi," mama akasema. "Lakini hiyo ya miguuni safari hii utalala nayo wewe."

Daktari alikuja baada ya siku tano na wageni watatu wa klabu nyingine. "Na hii," alisema akinyoosha kidole, "ndiyo namba niliyopandia mlima ule, bila..." Kidole kilifika kwenye kioo kikakwama.

"Mbona imekatwa?" mgeni mmoja akauliza. "Si mlituambia kwenu aliyekatwa ndiye..."

"Panya," alisema daktari.

Mgeni akainama, akatazama kwa makini ule mkato ulionyooka. "Ndani ya kioo?"

Spana hakuacha kukaza spoki. "Panya wa milimani, hao," alisema. "Wanajificha chini ya mabegi."

Daktari alimtazama. Akawatazama wageni. Akainyoosha fremu ambayo haikuwa imepinda, kwa kidole kimoja, taratibu sana.

"Njooni," akasema, "muone bomba la maji."