Mwenye Kichwa Alikuja Kwangu

Msicheke kabla sijamaliza. Wako waliocheka mbele yangu, nikawaambia waje wakae nami nyumbani saa ya magharibi, na hakuna aliyekuja. Haya yalinipata mimi, upande wa Sangailu, kabla Waitaliano hawajaingia Uhabeshi. Mpaka leo yananichemsha damu, na sitaki kuambiwa nimeota.

Nilikuwa mkalimani wa Mzungu mmoja msomi. Alikuwa amechimba makaburi ya Misri miaka mingi, sasa amekuja kwetu kutafuta athari za Misri ya kale. Na alizipata, wallahi, kila mahali! Mwanamke akipaka nywele samli, Misri. Ubani ukifukizwa nyumbani, Misri. Visima vya Wajir vilivyochongwa ndani ya mwamba, ambavyo sisi tunajua vilichimbwa na Maadinle, wale watu warefu waliokuwa hapa kabla yetu, navyo eti Misri. Siku moja akakiona kigogo changu cha kulalia kichwa, kile tunachokiita barkin, nilichoachiwa na baba yangu. Mchungaji hukilalia ili usingizi usimzamishe, fisi akija asikie. Firauni akakigeuzageuza, akasema, "Misri kabisa." Baba yangu alikwenda Misri lini? Hata mto Tana aliuvuka akinung'unika.

Ndiyo, Firauni ndilo jina watu walilompa. Kila Mwislamu anajua hilo ni tusi, yeye akadhani ni cheo, akalifurahia.

Basi, karibu na kambi palikuwa na rundo kubwa la mawe, kaburi la Maadinle. Wazee walilipitia mbali, na hakuna aliyelaza ng'ombe hapo. Firauni akalifukua pamoja na watumishi aliokuja nao. Nilisimama mbele yake.

"Bwana, hii ni kaburi ya mtu. Acha."

"Mimi napima tu," akasema.

Akalitoa fuvu, akalizungushia utepe, akatikisa kichwa kwa furaha. Kichwa cha Mmisri! Nikamwambia, "Bwana, hiyo kichwa si yako. Rudisha bale bale ilikotoka." Hakunisikia, au hakutaka. Akalifunga kwa pamba, akalitia sandukuni, na mifupa mingine akaiacha juani kama kuni. Lori la kumchukua lilikuwa lifike kesho yake.

Jioni ile ile, jua halijazama, mgeni akaja hemani kwangu. Mrefu kupita watu wote niliowahi kuwaona, amejifunika shuka mpaka juu kama mwenye homa. Alisalimu kwa maneno ya kizamani, nusu yake nikayaelewa. Kwetu mgeni haulizwi jina wala ukoo kabla hajanywa maziwa na kuegesha kichwa. Ukimuuliza mapema umejiaibisha. Na akishakunywa maziwa yako, shida yake ni yako. Nikamwita shangazi yangu, eeddo Dahabo, aliyekuwa akituletea maziwa pale kambini. Akaleta ya ngamia. Mgeni akakipokea chombo, akakiinua kwenye shuka, na maziwa yote yakateremka kifuani mwake yakaingia mchangani.

Eeddo akanitazama. "Mtoto wa kaka yangu, huyu umemkaribisha?"

"Nimeshamkaribisha."

"Basi ni wako."

Mgeni akasema amechoka, anaomba pa kuweka kichwa. Sauti ilitoka kifuani. Nikampa barkin ya baba, ningemnyimaje? Akajinyoosha, na niaminini, shuka likalala bapa juu ya ule ubao, umbo la ubao likaonekana lote. Pale pa kichwa, chini ya shuka hapakuwa na kitu.

Nilikimbia mpaka kwa Firauni. "Bwana, mwenyewe amekuja! Toa kichwa chake!"

Akaja na kandili, bila haraka. Mgeni hakuwapo. Palikuwa na mchanga uliolowa maziwa, barkin, na eeddo akivuta tasbihi. Eeddo akaeleza alichokiona, mimi nikatafsiri neno kwa neno. Mnajua alisema nini yule mtu?

"Hata hii ni ya Misri! Wamisri wa kale waliogopa sana maiti kukosa kichwa."

Akatoa kalamu akaandika. Jamani! Hata mzuka wetu alitunyang'anya!

Asubuhi nililala mbele ya gurudumu la lori. Watumishi wake wakaniburura pembeni, lori likashika njia ya Bura na sanduku ndani. Sikukata tamaa. Nilikwenda mpaka ofisini Garissa kushtaki. Karani akauliza kama marehemu ni ndugu yangu. Nikasema si ndugu, ni mgeni wangu. Akacheka mpaka akavua miwani.

Mgeni huyo hakuondoka. Mvua zikikaribia huja, wakati wa magharibi, nikiwa Bura au nikiwa Galbet, haijalishi nimehamia wapi. Hanidhuru. Nampa maziwa, yanamwagika; nampa barkin, shuka linalala bapa. Mke wangu alivumilia muda, kisha akarudi kwao, na simlaumu. Majirani hawapiti mlangoni kwangu jua likishuka. Mimi nilikosa nini? Nilimpa mtu maziwa! Yule aliyemtenga kichwa na mwili wake nasikia anasifiwa huko kwao kwa elimu yake.

Kila akija, mgeni huyo huniuliza swali moja: kichwa chake kiko kwa watu gani, na wanamwita nani? Sijaweza kumwambia kwamba wanamwita Mmisri.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaonisikia. Mkimwona mtu na utepe wa kupimia ameinama juu ya mawe ya wafu, mfukuzeni siku hiyo hiyo, awe na barua ya nani. Msiseme ni mambo ya wasomi hayawahusu. Kichwa kikishavuka bahari, mwenyewe hataenda kukidai Ulaya, maana Ulaya hakujui. Atakuja kwenu, na mtamkaribisha.