Benchi la Tanzania

Niliingia Kigali juu ya magunia ya maharage. Nilitoka Tabora kwa treni hadi Mwanza, nikadandia lori hadi Rusumo, na pale mpakani tukakaa mpaka nikasahau kilichonitoa nyumbani. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka tisini na nne. Vita vilikuwa vimekwisha, nyumba nyingi hazina watu, na kila mtu alimuuliza mwenzake: "Umetoka wapi?"

Nilipata kazi kwenye stendi ya Nyabugogo, kupakia mizigo katika kampuni ndogo ya mabasi. Bosi alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Uganda. Makarani walikulia Burundi, mafundi Zaire. Wa Tanzania tulikuwa wawili: mimi niliyezaliwa huko, na dereva Mnyarwanda aliyekulia Karagwe. Wenzangu wote walikuwa wamerudi kwao, na kutwa walilalamika kwamba kwao si kama kule walikotoka. Hata chai walibishana: huyu anaitaka na maziwa, yule anasema maziwa ni ya wagonjwa.

Mkata tiketi peke yake hakuwa amerudi kutoka popote. Alikuwa hapa siku zote. Alilea watoto wa dada zake, na hakuna aliyemuuliza dada zake wako wapi.

Siku moja bosi alitoka semina na neno jipya, ushirikishwaji. Kesho yake yakaletwa mabenchi manne: Uganda, Burundi, Zaire, Tanzania.

"Kila mtu akae upande yake," akasema. "Hapa hakuna ubaguzi."

Tukakaa. Mkata tiketi akabaki amesimama katikati, birika mkononi.

"Mama, wewe iko upande gani?"

"Mimi iko hapa, bosi."

"Hapa si upande. Ulitoka wapi?"

"Sikutoka."

"Basi hiyo ndiyo shida!"

Ikaamuliwa kwamba asiye na benchi hawakilishi mtu, na mwisho wa mwezi aondoke. Nikasogea ili nimpishe kwenye benchi letu, bosi akanizuia. Kila benchi lilikuwa na nafasi zake, na zetu mbili zilikuwa zimejaa. Kisha akamwomba yule mama atumiminie chai ya kusherehekea umoja. Akatumiminia. Mwenye kutaka maziwa alipata maziwa.

Jioni dereva wa Karagwe alinikuta nakunja blanketi.

"Mutanzania, unahama tena? Wewe una mchwa miguuni!"

"Nimekumbuka maembe ya kwetu."

Nilikuwa nimeyakumbuka kweli, kama nilivyoyakumbuka kila mji niliokaa. Safari hii angalau hamu yangu ilikuwa na faida kwa mtu. Tulimwita mkata tiketi nyuma ya gereji, tukamfundisha. Dereva alimwelekeza njia ya Karagwe, mimi nikamfundisha kuamkia.

"Shikamoo," akasema, akacheka mpaka akajifuta macho. "Nyinyi watu munashika miguu hata kwa kusalimia?"

"Ndiyo sisi, dada. Zoea."

Asubuhi niliyoondoka, nilimuaga bosi kwenye mkutano. Akalitazama benchi letu kwa huzuni.

"Sasa Tanzania imepunguka. Nitapata wapi mwingine?"

Mkata tiketi akaweka birika chini, akaja akakaa pale nilipokuwa nimekaa.

"Shikamoo, bosi. Mimi iko ya Tanzania."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

"Ni dada yangu," dereva akasema. "Karagwe nzima inamjua."

Mafundi wa Zaire walijifanya wanakohoa. Bosi alihesabu mabenchi kwa kidole, mara mbili, na yote yalikuwa yamejaa. Uso ukamnawiri.

"Mnaona? Tukishirikishana, hakuna anayebaki nje!"

Tukapiga makofi, mkata tiketi akipiga kuliko wote.

Alinisindikiza hadi kwenye lori la Rusumo, mpaka ambao hakuwa amewahi kuuona. Lilipoanza kuondoka akalikimbilia, akapiga ubavu wa lori kwa kiganja.

"Mutanzania!" akaita. "Usalimie kwetu!"