Dirisha Namba Mbili

Revelian alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa sasa hivi. Asubuhi uso huo, mchana huohuo. Mwaka tisini na sita aliletwa kwenye zahanati yetu ya Kinondoni atutengenezee programu ya kompyuta ya kuandikisha wagonjwa, kadi zituondokee. Miezi minne alikaa nyuma ya kiti changu, anachora vitufe kwa mausi na kupiga miayo.

Mie nilikuwa karani wa dirisha namba mbili. Namba moja alikaa Felicitas, aliyenitangulia kazini.

Kompyuta yenyewe ikawa balaa. Nikibonyeza kitufe cha majina, dirisha la kwenye kioo linaanza kujichora: jina moja, linafutika lote, linajichora na majina mawili, linafutika, matatu. Na tulikuwa na majina elfu na mia mbili! Nje watu wananisonya. "Nyie humo mmelala?" Daktari Ansbert, mwenye zahanati, akaja kutuambia, "Foleni isipopungua mwezi huu, mtapungua nyie." Hakuwa anatania. Miaka ile watu walikuwa wanapunguzwa kazi mji mzima. Mume wangu Twaha alishapewa barua yake kiwandani. Nyumbani mwenye kazi nilibaki mie tu.

Nikamwandikia daktari, nikimaanisha dirisha la kwenye kompyuta yangu: "Dirisha namba mbili linachelewa kufunguka." Kesho yake akaja Mwinjuma seremala na kopo la grisi, akapaka bawaba za dirisha langu la mbao, akaaga akaenda zake. Jamani! Foleni ileile, na sasa wagonjwa wana grisi mikononi. Revelian alicheka mpaka akavua miwani. Sikumwona akicheka tena.

"Dada Chausiku, nimechoka," aliniambia wiki ile. "Nimejaribu kila kitu. Hata nikilala kwangu Mabibo nayaona majina yanajichora."

"Si umeyataka mwenyewe?" Nilikuwa nimekereka. "Unahamia nyumba huku mlango wazi, kila ukiingiza kijiko unawaita majirani waje waone. Bibi harusi anapambiwa barazani? Shusha pazia, panga vyako, ukimaliza ndo ufungue."

Akanitazama. Kisha akanisogeza na kiti changu, akaandika mistari miwili: wa kwanza kuificha orodha inapojazwa, wa pili kuionyesha ikishajaa. Nikabonyeza. Majina yote yakatokea pap! Zamani nilikuwa namaliza kikombe cha chai nikisubiri.

"Mama yangu!" Felicitas akashika kichwa.

Foleni ikawa inaisha kabla ya saa tano. Wagonjwa wakaanza hata kunisalimia. Siku moja Daktari Ansbert akasimama nyuma yetu, akalitazama benchi, akaona watu watatu. Akasema dirisha moja linatosha. Foleni ilipungua kweli, na mie nikapunguzwa.

Revelian alinifuata nyumbani, akasimama mlangoni, kuketi hataki.

"Dada, ile mistari miwili naweza kuifuta," akasema. "Hakuna atakayejua. Foleni ikifika barabarani, watakuita wenyewe."

Nisiwadanganye, nilitamani. Nilimwangalia Twaha kajilaza mkekani saa nne asubuhi, mwanaume mzima, nikatamani haswa. Lakini nikamkumbuka mama mmoja aliyesimama pale dirishani na mtoto mwenye degedege, majina yanajichora, yanafutika.

"Iache," nikasema. "Keti unywe chai."

Akaketi. Chai ikampoa mkononi, akaondoka bila kuinywa.

Mwezi uliofuata mwanangu alishikwa na homa, nikampeleka palepale. Felicitas alibonyeza mara moja tu, akapata jina letu, tukaingia kwa daktari hata sijakaa kwenye benchi. Dirisha namba mbili lilikuwa limefungwa. Bawaba zilikuwa bado na grisi ya Mwinjuma.