Magogo ya Karani

Tangu apunguzwe kazini, karani wa Bulyaga anajifunza kukereza mabakuli ya mbao. Huokota magogo yaliyoangushwa na upepo, huyapaka nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili yasipasuke, kisha huyapanga barazani yakauke. Mvua ya Tukuyu ikianza, hukimbia kuyaingiza ndani. Nguo alizofua mkewe, Yustina, zitajijua huko huko kambani. Kila asubuhi huyagonga moja moja kwa kidole, ametega sikio kama mganga wa zahanati.

Leo gogo la mringaringa limeota majani. Yustina alibana midomo asicheke.

"Baba Tulia, ndiyo limekauka hilo?"

Karani alilitazama weee, kisha akavua kofia.

"Hili bado liko kazini," alisema, akaenda kuchukua jembe.