Miwati ya Baba Mdogo

Muwati ukichanua, kilima chote nyuma ya kwetu Kibakwe hunukia asali. Wageni wanaotoka Dodoma mjini hushusha vioo vya gari na kusema, jamani, huku kuzuri. Mimi harufu ile hunipandisha hasira hadi kooni. Nimejaribu kuizoea nimeshindwa, na siku hizi hata sijaribu.

Nilikuwa darasa la tatu Baba Mdogo alipoleta miche ya kwanza. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, ametuachia mimi na mama shamba moja la bondeni, walilolifyeka wawili kwa mikono yao kabla sijazaliwa. Udongo wake ulikuwa mweusi, ukiufumbata unashikamana. Mahindi yalikubali, maharage yalikubali zaidi, na mama aliyaringia maharage yale kama wengine wanavyoringia watoto wenye akili. Shamba la Baba Mdogo, mdogo wake baba, lilikuwa juu yetu kwenye mteremko, changarawe tupu.

Miche aliipata kwa Bwana Miti, mtumishi wa serikali aliyekuja na pikipiki yake kutuhutubia mbele ya godauni la ushirika. Alisema mti huu unaitwa muwati, asili yake Australia, na wazungu wa kule waliupa jina hilo, wattle kwa Kiingereza, kwa sababu walisuka fito zake wakajengea kuta, kisha wakazikandika udongo. Watu walicheka sana. Kumbe wazungu nao walikandika! Mzee mmoja akauliza kama walipaka na mavi ya ng'ombe, Bwana Miti akanuna. Akaendelea kutusomea faida kutoka kwenye daftari: magome yana dawa ya kutengenezea ngozi, kuni zake zinawaka vizuri, mkaa wake mzito, nguzo zake zimenyooka, maua yake yanapendwa na nyuki. Kiwanda cha ngozi kitanunua magome yote, alisema. Juu ya mbegu hakusema kitu, na sisi hatukuuliza.

Baba Mdogo akaja nyumbani kuomba apande mstari mmoja tu mpakani.

"Shemeji, itakukinga upepo," alimwambia mama. "Na kuni utaokota hapo hapo."

Mama akakubali. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja, na shemeji yake ndiye aliyebaki wa kumsemea mbele za watu. Labda hata mimi ningekubali, ingawa kuliandika hilo kunaniuma.

Hapa nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa kuwa kila mtu hukua akilijua. Ukiazimwa shamba, panda utakacho isipokuwa mti. Lima mahindi, lima karanga, vuna, rudisha shamba la watu. Anayepanda mti anatangaza kwamba ardhi ni yake, na anayeuacha ukue amekubali. Kijijini hatukuwa na hati za ardhi, tulikuwa na miti. Kwa hiyo mama alipoona, baada ya miaka michache, vimche vya muwati vimechomoza katikati ya maharage yake, hakungoja vipate majani ya pili.

"Shika chini kabisa," alinifundisha. "Zungusha, halafu vuta. Ukivuta kwa pupa utabaki na kijiti mkononi."

Tuling'oa kila msimu. Mgongo wake ulikuwa unamsumbua, alikuwa anainuka kwa kushika kiuno, lakini hakuacha hata kimche kimoja. Tulivirundika na mabua, na kabla ya mvua tukachoma shamba kama kila mtu alivyochoma la kwake. Mwaka uliofuata vikaota mara mbili. Tukang'oa, tukachoma. Nilikuja kusoma chuoni, miaka mingi baadaye, kwamba mbegu ya muwati ina ganda gumu, inaweza kulala ardhini miaka na miaka, na kinachoiamsha ni moto. Mwalimu aliendelea kuandika ubaoni, mimi nikaweka kalamu chini. Miaka yote ile tulikuwa tunaipikia uji.

Wanawake wa mtoni waliupa mti ule jina lao. Waliuita shemeji, kwa sababu uliingia kwa hodi, ukapewa kigoda, na sasa haukuonyesha dalili ya kuaga. "Shemeji yako hajambo?" walimwuliza mama, naye alikuwa anacheka mpaka maji yanamwagika ndooni. Jina likaenea kijiji kizima, watoto wakawa wanatumwa wakalete kuni za shemeji. Baba Mdogo alipolisikia hakucheka.

Kisha zikaja zama za ruksa, biashara ikaachiwa huria. Ushirika ukaacha kununua mazao, godauni likabaki la popo, wakaja wachuuzi na malori yao. Kiwanda cha ngozi kikafungwa; wengine walisema kimeuzwa, wengine kimekufa, kwetu ilikuwa mamoja. Magome aliyoyabandua Baba Mdogo yakaozea ukutani kwake, yananuka. Nilifurahi, na siombi radhi kwa furaha ile. Nilidhani sasa atakata miti yake apande kitu kingine. Lakini malori yale yaliyotuletea mitumba na sabuni yalihitaji mzigo wa kurudi nao, na Dodoma ilikuwa inajengwa kila kona. Walitaka mkaa, walitaka mirunda, nguzo za kujengea. Muwati ukawa mali, na macho ya Baba Mdogo yakaanza kuteremka kuelekea bondeni.

Mama aliugua mguu katika miaka hiyo hiyo. Misimu miwili hakuweza kulima, na mimi nilikuwa bweni, sekondari ya Mpwapwa. Niliporudi likizo, miwati ilikuwa imepita kimo changu na imejaa karibu shamba lote. Katikati Baba Mdogo alikuwa amefungua njia ya kupitishia mirunda. Mama aliposimama na fimbo yake akaitazama njia ile, alisema atakwenda kijijini, akaenda siku hiyo hiyo.

Shauri lilisikilizwa ndani ya lile godauni tupu. Mwenyekiti wa kijiji na wazee wake walikaa kwenye benchi za shule, sisi tukakaa kwenye magunia. Baba Mdogo alisema kijiji kizima kinajua nani aliyeleta muwati, na palipo na miti yake ndipo penye shamba lake.

"Mama, hii miti ulipanda wewe?" mwenyekiti aliuliza.

"Sikupanda, mwenyekiti. Imeota yenyewe shambani kwangu. Kilichoota kwangu ni changu."

Lilikuwa jibu zuri. Nilimwona mwenyekiti anaitikia kwa kichwa, na mzee wa pili naye. Nilijua tumeshinda. Ndipo Baba Mdogo alipogeuka kunitazama mimi, kwa upole kabisa.

"Mwanangu, wewe sasa msomi, huwezi kudanganya wazee. Hebu tuambie, hii miti ikiota mama yako alikuwa anaifanya nini?"

Nikasimama. Nikaona nimefunguliwa mlango wa kumsifu mama mbele ya watu wote, nikauingia mbio. Niliwaamkia wazee shikamooni, nikaeleza kwa Kiswahili changu cha shule jinsi tulivyong'oa kila msimu tangu nikiwa mdogo, jinsi mama alivyoinama na mgongo unamuuma, jinsi asivyoacha hata kimche kimoja. Nilionyesha na namna ya kushika. Shika chini, zungusha, vuta.

"Umesikia, mwenyekiti," Baba Mdogo alisema. "Nani anang'oa mti wake mwenyewe?"

Mzee mmoja akasema taratibu kwamba mtu anayeuwahi mti ukiwa mdogo hivyo anajua kuwa una mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Mama alikuwa aseme nini? Kwamba aling'oa ili shamba lisichukuliwe? Ndilo lile lile nililosema mimi, na lilikuwa limeshageuzwa. Wakaamua kuwa penye miwati pote ni kwa Baba Mdogo, na mama abaki na ukanda wa kando ya mto, usiotosha hata zizi la ng'ombe watano.

Njiani nilimfuata nyuma. Nilitaka anipige. Hakugeuka mpaka tulipokaribia nyumbani.

"Ulisema kweli, mwanangu," alisema.

Akaingia jikoni, akasonga ugali, tukala na mlenda. Hakulitaja tena mpaka alipokufa. Kwenye ukanda ule alipanda maharage kila mwaka, na kila mwaka kivuli cha miwati kilisogea, yakawa yanarefuka majani bila kuzaa.

Baba Mdogo naye alikufa. Wanawe walikuwa wamehamia Dodoma. Walirudi kiangazi kimoja wakakata miti yote, wakachoma matawi, wakaondoka. Mmoja akaniletea salamu: dada, kama unalitaka lile shamba lichukue, sisi tumemaliza kazi nalo.

Nilikwenda baada ya mvua za kwanza, na jembe la mama begani na kibuyu cha mbegu za maharage. Bonde zima lilikuwa limejaa vimche vya muwati, kana kwamba mtu amevimwaga kwa ungo. Nikainama. Mkono ulikuwa unakumbuka wenyewe. Nilikuwa nimefikia cha tatu au cha nne mama mmoja jirani alipopita njiani, akasimama kunisalimia.

"Unang'oa, dada?" aliuliza.

Aliuliza kwa wema tu. Lakini nilikiachia kimche kile, nikasimama, nikajifuta mikono.

"Hapana," nilimjibu. "Napunguza. Hii miti ni yangu."

Tangu siku ile sijang'oa hata kimoja. Miti imekuwa mirefu, malori yanakuja, na kijijini hakuna anayeuliza lile ni shamba la nani. Zile mbegu za maharage nilirudi nazo nyumbani na kibuyu chake. Zilikaa darini mpaka zikaliwa na wadudu.