Siku Midomo ya Baba Ilipobadilika Rangi

Daktari alimruhusu baba kutoka wodini na onyo moja: midomo au ulimi ukigeuka bluu, tusisubiri kitu, tumrudishe mbio, maana moyo utakuwa umeelemewa. Sikuwa na amani tena. Badala ya kumrudisha kwake Nkololo nilimleta kwangu, hapa Bariadi mjini, nikampiga marufuku kuvuka geti. Kila asubuhi, kabla hata ya kumwamkia, nilikuwa namwangalia mdomo.

Jumamosi moja natoka sokoni, namkuta ameketi barazani, midomo ya bluu nzito, karibu nyeusi. Mfuko wa nyanya ukanidondoka.

"Baba, unajisikiaje?"

Akainamisha kichwa.

"Nionyeshe ulimi, baba."

Akaufunga mdomo kabisa na kutazama pembeni. Nikajua ndiyo basi, hata kusema hawezi. Nikaita bajaji, nikamsukumia ndani kama gunia la pamba, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu na kumgombeza dereva kwa zamu.

Hospitali, nesi alimbana baba kidole kwa kile kifaa cha kupima hewa kwenye damu. Akasoma, akakunja uso.

"Mbona yuko vizuri?"

Nikamuuliza kama yeye midomo haioni. Ukali wangu naujua, si mara ya kwanza kuniaibisha. Yeye alichovya pamba kwenye maji, akamfuta baba mdomo wa chini, na pamba ikabadilika rangi.

"Mzee, umekula zambarau?"

"Chache tu, mayu," baba akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma, sauti nzima kabisa.

Nilikaa sakafuni. Nesi alicheka, akaenda kunawa, kisha akaniita nione: rangi iliyomganda vidoleni ilikuwa inageuka bluu kwenye povu la sabuni. Akaniambia ni rangi ya asili iliyomo kwenye ganda la tunda lenyewe, sabuni huipeleka kwenye bluu, ndimu huipeleka kwenye nyekundu, na haimdhuru mtu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nikamwomba nesi radhi.

Moyo uliporudi mahali pake, hasira nazo zikarudi. Nikamuuliza baba nani kamletea hizo zambarau. Akasema hakuna, kaziokota mwenyewe, kwenye mti ulio nyuma ya shule, ng'ambo ya mto. Alikuwa amenyamaza nyumbani kwa kuogopa kusemwa. Nikavuta pumzi nimseme sasa, mbele za watu, lakini nesi akaniwahi.

"Mzee, mpaka kule ulipumzika mara ngapi?"

Baba akafikiri kidogo.

"Sikupumzika."

Mwezi mmoja tu nyuma, baba huyu alikuwa anapumzika mara mbili kati ya kitanda na choo, mimi nimemshika kiunoni. Badala ya kumsema, nililia pale pale, wala sikuona haya.